Mkahawa wa Kichochoroni

Uhakiki ni hukumu, na hukumu ina miiko yake. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mhakiki huanzia katika kitabu na kuishia katika kitabu. Kwamba tenzi, riwaya na tamthilia ndizo pekee ziwezazo kupimwa, kusifiwa na kulaumiwa. Mimi siafiki. Kitu chochote kilichotengenezwa na mwanadamu kwa nia ya kumpendeza au kumfaa mwanadamu mwenziwe chaweza kuhakikiwa: nyumba, nguo, jahazi, wimbo, na hata sahani ya chakula. Mpishi, kama mshairi, huchagua, huacha hiki na kushika kile, huweka kipimo, na mwisho hutoa kazi yake mbele ya watu asiowajua, naye hana budi kungoja waseme.

Katika insha hii nataka kuhakiki mkahawa mmoja mdogo katika mji wa Tokyo, nchi ya Japani. Sitautaja jina, kwa sababu mbili. Kwanza, nitataja kasoro zake pamoja na mema yake, na si haki mtu mnyonge atangaziwe kasoro mahali asipoweza kujitetea. Pili, mikahawa ya namna yake imo mingi katika vichochoro vya mji ule, nami napenda msomaji aone jamii nzima kwa kumtazama mmoja wao. Wajapani huita mahali kama hapo shokudo, maana yake ni chumba cha kulia, basi. Jina lenyewe halijivuni.

Mgeni ahakikiye chakula cha watu wengine huwekewa mitego miwili. Mtego wa kwanza ni dharau. Anayenaswa humo husema, "Hiki si chakula," kwa kuwa hakikufanana na kile alichopikiwa na mama yake. Mtego wa pili ni kustaajabu. Anayenaswa humo husema, "Ajabu ilioje!" kwa kuwa chakula kimo katika nchi ya mbali. Wote wawili hawakuonja. Mmoja alionja kiburi chake, na wa pili alionja nauli yake. Njia ya haki hupita katikati ya mitego hiyo, nayo ni nyembamba.

Wengi wetu tulio mbali na Japani tumesikia habari za sushi, yaani vitonge vya wali wenye siki vilivyowekewa vipande vya samaki juu yake. Katika Nairobi chakula hiki huuzwa mahali pa watu wenye nafasi, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni chakula cha fahari tangu asili. Sivyo. Katika karne ya 19, mji wa Tokyo ulipokuwa bado ukiitwa Edo, sushi ya kufinyangwa kwa mkono iliuzwa katika vibanda vya njiani kwa watu wenye haraka, kama mahindi ya kuchoma yauzwavyo kwetu. Basi ukuu wa chakula haumo katika chakula chenyewe. Watu hukivika ukuu, na watu huweza kukivua. Mhakiki anayetazama vazi akaacha mwili hajaanza kazi.

Nilifika mkahawani saa sita na nusu mchana, nikiongozwa na mwenyeji wangu, mwalimu wa shule aliyekaa katika mtaa ule miaka mingi. Mlangoni palitungikwa pazia fupi la kitambaa cha buluu. Pazia hilo lina kazi. Likiwa nje, mlango u wazi kwa wateja; likiingizwa ndani, kazi ya siku imekwisha. Kando ya mlango palikuwa na dirisha la kioo, na ndani yake bakuli na sahani zilizojaa vyakula vya bandia. Zamani mifano hiyo ilitengenezwa kwa nta, na siku hizi hutengenezwa kwa plastiki. Asiyejua kusoma Kijapani huweza kumwita mwenye duka, akanyosha kidole, akapata alichokiona.

Ndani palikuwa na meza ndefu yenye viti saba mbele ya jiko, na meza mbili ndogo ukutani. Orodha ya vyakula ilikuwa vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa mkono na kubandikwa. Mzee mmoja alisimama jikoni akitupa kisogo, na mkewe, mwenye miaka zaidi ya sabini, alipokea watu na kuondoa vyombo. Wateja walimwita kwa neno la Kijapani lenye maana ya shangazi, ingawa hapakuwa na udugu wa damu baina yao. Jambo hilo halikuwa geni kwangu. Nani kwetu amwitaye mpishi wa kibandani kwa jina la kitambulisho? Sote humwita Mama.

Tuliletewa vitambaa vyenye unyevu vya kufutia mikono, na chai ya kijani isiyo na sukari, bila kuombwa wala kulipishwa. Kisha kikaja chakula chenyewe katika sinia moja kwa kila mtu: bakuli la wali, bakuli la supu, samaki wa kuchoma, kitoweo kidogo cha mboga, na achari. Huu ndio mpango wa kale wa meza ya Kijapani. Wali ndio nguzo, na vingine huuzunguka. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliitia desturi ya mapishi ya Wajapani katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ila urithi huo haukai katika orodha. Hukaa katika masinia kama haya, au haukai popote.

Nianze na supu, maana ndiyo iliyonitia aibu. Nilipoionja mara ya kwanza nilisema moyoni, "Maji ya chumvi." Nilipoionja mara ya pili nilinyamaza. Kulikuwa na kitu chini ya chumvi, kipana na kizito, ambacho ulimi wangu ulikitambua wala haukuweza kukitaja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Supu hiyo hupikwa kwanza kwa mwani mpana uitwao kombu, unaovunwa hasa katika bahari ya baridi ya kaskazini, pande za Hokkaido. Si mwani ule ulimwao Unguja na Kwale, bali ni aina nyingine. Mwani huo huwekwa katika maji, ukapashwa moto taratibu, kisha ukaondolewa. Halafu hutiwa magamba membamba ya samaki wa jamii ya jodari, aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa hata akawa mgumu kama ubao. Na kama ubao, hupigwa randa. Maji yakichujwa huwa ndiyo mama wa mapishi yote. Mwisho hukorogwa humo miso, yaani uji mzito wa soya, chumvi na nafaka iliyooteshwa ukungu maalumu, uliovundikwa kwa miezi mingi.

Mwaka 1908 mtaalamu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Kikunae Ikeda, alichunguza mchuzi wa mwani huo na kupata ndani yake kitu kinachouletea ladha ile isiyokuwa utamu, wala uchachu, wala uchungu, wala chumvi. Aliita ladha hiyo umami. Zilipita miaka mingi kabla ya wataalamu wa nchi nyingine kuikubali kuwa ladha ya asili ya tano. Hapa pana funzo kwa kila mhakiki. Kukosa jina la kitu si ushahidi kwamba kitu hakipo. Mimi niliita supu ile maji kwa sababu katika ghala la maneno yangu halikuwamo neno lake.

Walakini nisieleweke vibaya. Siisifu supu kwa sababu ina kazi nyingi. Kazi nyingi yaweza kuzaa kitu kibaya, na mtoto wa uchungu mrefu si lazima awe mzuri. Naisifu kwa sababu kila kilichotiwa kilikuwa na haja yake, na kisichokuwa na haja hakikutiwa. Kulikuwa na vipande vya tofu, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, na vitunguu vya majani vilivyokatwa vyembamba. Basi. Mwandishi wa insha angeweza kujifunza katika bakuli lile.

Samaki alikuwa yule ambaye watu wa pwani yetu humwita kibua, au jamaa yake wa karibu. Wajapani humwita saba. Nilipotajiwa jina hilo nilidhani naulizwa ninataka samaki wangapi, nikakaribia kujibu kwamba mmoja atanitosha. Alikuwa amepasuliwa, akatiwa chumvi, akachomwa hata ngozi ikalia chini ya vijiti, na nyama yake ikabaki laini yenye mafuta. Kando yake palikuwa na kichungu kidogo cha figili nyeupe iliyokunwa. Figili hiyo huyakata mafuta ya samaki kama ndimu ikatavyo shombo kwetu. Mwenyeji wangu aliniambia, wala si siri, kwamba samaki wengi wa aina hii waliwao Tokyo hutoka Norwei, wamegandishwa kwa barafu. Wako watakaosema kwamba basi chakula hiki si cha Kijapani. Hao wamekosea. Chai ya maziwa ni yetu ijapokuwa hatukuianzisha. Chakula huwa cha watu kwa namna wanavyokijua, si kwa bahari kilikotoka tu.

Wali ulikuwa mweupe, wenye kushikana, usio na nazi, mafuta wala chumvi. Mtu wa kwetu atauliza, "Mchuzi uko wapi?" Nami niliuliza. Jibu nililipata kwa kuwatazama waliokaa kandoni mwangu. Walikula wali kidogo, wakanywa supu kidogo, wakachukua samaki kidogo, kisha wakaurudia wali. Kwetu chakula huchanganywa sahanini. Kwao huchanganywa kinywani. Wali usiokuwa na kitu ndio kimya kinachotenga neno na neno. Nilipokula kwa taratibu hiyo, swali langu la mchuzi lilikufa lenyewe. Ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Lakini hapa nilifumba jicho nikaona zaidi.

Adabu ya mezani nayo ni sehemu ya kazi inayohakikiwa. Kabla ya kula kila mtu hutamka neno lenye maana kwamba anapokea kwa unyenyekevu; baada ya kula hushukuru kwa neno jingine. Mtu hasimamishi vijiti wima katika wali, kwa kuwa hivyo ndivyo ufanywavyo wali wa kumwekea maiti. Wala watu wawili hawapokezani chakula kwa vijiti, kwa kuwa ndivyo jamaa wanavyopokezana mifupa baada ya maiti kuchomwa. Hapatolewi bakhshishi, ukiacha fedha mezani utafuatwa njiani urudishiwe. Miiko hii si mapambo. Nyuma ya kila mmoja yumo mtu aliyefariki, au heshima ya aliye hai.

Sasa nifike kwenye makosa, maana sifa isiyo na lawama ni tangazo la biashara. Achari ilikuwa mbaya. Ilikuwa ya figili, ya rangi ya manjano kali, tamu kupita kiasi. Ilinunuliwa kiwandani, na kati ya vitu vyenye kazi ya mkono ilikaa kama mgeni asiyealikwa. Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni chumvi. Supu ina chumvi, samaki ana chumvi, achari ina chumvi, na juu ya meza imo chupa ya mchuzi wa soya wenye chumvi. Shirika la Afya la Dunia hushauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku; Wajapani kwa wastani hula karibu mara mbili ya kiasi hicho. Katikati ya karne ya 20 watu wa mikoa ya kaskazini, kama Akita, walikufa kwa wingi kwa maradhi ya kiharusi, na chumvi ilikuwa mojawapo ya sababu, hata serikali na waganga wakafanya kampeni za kuipunguza. Wajapani huishi miaka mingi, ni kweli. Lakini maisha marefu ya taifa si hoja ya kutetea kila kijiko kinacholiwa.

Kosa la tatu lawahusu wasomaji wangu wengi. Mwislamu, au mtu asiyekula nyama wala samaki, hana njia ya kujua kilichomo. Mboga zilizoonekana kuwa mboga tupu zilipikwa katika mchuzi wa samaki, na mapishi mengi hutiwa pombe ya mchele kidogo. Karatasi za ukutani hazikusema neno. Nilipouliza, yule mama alieleza yote kwa subira. Je, ni kosa kweli? Nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya majirani, na majirani wanajua. Lakini mlango uliofunguliwa kwa njia kuu hufunguliwa kwa kila mpitaji, na mwenye kupika ana amana ya tumbo la asiyemjua. Nasema ni kosa, ingawa dogo, na kalamu moja ingeliondoa.

Tulipolipa, bei ilikuwa yeni 850 kila mtu. Kwa mfanyakazi wa Tokyo hiyo ni bei ya chini sana. Niliandika katika daftari langu maneno matatu: "Safi. Tamu. Rahisi." Nikaridhika nayo. Mwenyeji wangu aliyasoma, akanyamaza kidogo, kisha akamwita yule mama.

"Shangazi," alimwuliza kwa Kijapani, akanifasiria, "mbona huongezi bei, hata yeni 100?"

Mama alifuta meza kwanza. "Wanaokula hapa nawajua," alisema. "Yuko mzee ajaye kila siku peke yake tangu mkewe kufariki. Nikiongeza yeni 100 hatasema neno. Ataanza kuja siku tatu badala ya sita. Nitajua kwa nini, naye atajua kwamba najua."

"Na mkichoka?"

"Tumekwisha choka."

"Mwanao je?"

"Yuko Osaka, ofisini. Hatarudi, wala simlaumu. Nilimsomesha kwa samaki hawa ili asije akawachoma."

Hapo nilichukua daftari nikalifuta neno la tatu. Halikuwa uongo, ila lilikuwa nusu ya kweli. Yeni 850 ndizo nilizolipa mimi. Nyingine zililipwa na wazee wawili wanaoamka alfajiri kuchemsha mwani, wasioandika mshahara wao katika hesabu. Mikahawa ya jinsi hii inafungwa mmoja mmoja katika Japani, kwa kuwa wenyewe wamezeeka na hawana warithi, huku bei za mchele, gesi na samaki zikipanda. Hata wauzao tambi za rameni wana msemo kuhusu ukuta wa yeni 1,000, maana mteja hukataa kulipa zaidi ya kiasi hicho kwa bakuli moja, ijapokuwa bakuli hilo limepikwa kwa saa nyingi. Mteja husifu urahisi, na sifa yake humfunga mpishi mikono.

Dawa yake sikuipata mezani, wala sitajifanya ninayo. Bei ikipanda, yule mzee mjane atapungukiwa na siku tatu za kuonana na watu. Isipopanda, wazee wawili watafanya kazi hata mmoja wao aanguke, na pazia la buluu litaingizwa ndani lisitoke tena. Kila njia ina mtu wa kuumia. Lakini mhakiki, hata asipokuwa na dawa, ana wajibu wa kutaja gharama yote. Anayeandika "rahisi" akaondoka amehakiki risiti, hakuhakiki chakula.

Basi hukumu yangu ni hii. Supu ni ya daraja la kwanza. Samaki ni mzuri sana, na wali ni mzuri kwa ajuaye kuula. Achari haifai. Chumvi imezidi. Mgeni mwenye miiko aarifiwe kwa maandishi. Bei ni ya chini kuliko kazi iliyofanywa, na jambo hilo halimsifu mteja. Mkahawa kwa jumla ni mwema, nao watimiza uliloahidi, yaani kuwalisha majirani vyema bila kuwafilisi.

Msomaji kijana, Tokyo ni mbali, na huenda usifike. Lakini kipo kibanda karibu na shule yako, na yumo humo Mama aliyeinama juu ya jiko la makaa. Labda ndiye aliyelipa karo ya rafiki yako. Labda ndiye mama yako mwenyewe, naye anakaanga samaki ili wewe usije ukawakaanga. Nenda ukaketi. Onja mara mbili kabla ya kusema. Uliza mpishi alikusudia nini, na kama amekifikia. Taja kasoro bila ya kuogopa, na wema bila ya kutia chumvi. Kisha, kabla hujaandika neno "rahisi", uliza ni nani aliyelipa salio.